Uso wa Bi Mwanaheri

Ashura aliifungua leso yake juu ya kaunta taratibu, pindo baada ya pindo, na ndani yake mkatoka kipande cha filamu kisichofika nusu ya kiganja. Theodosia, mke wa mpiga picha, alikiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Aliona uso wa mwanamke aliyejitanda, mweusi panapotakiwa weupe na mweupe panapotakiwa weusi, kama negativu zote zilivyo. Lakini huyu alikuwa amechanwachanwa kwa mikwaruzo kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Kuku angeachiwa aparue hapo angeacha pazuri zaidi.

"Kilikuwa kwenye kopo la sindano," Ashura alisema kabla hajaulizwa. "Picha yenyewe ililiwa na mchwa. Hatukujua kama hiki nacho ni kitu."

Alitoka Namasakata, kule Tunduru, juu ya lori la korosho, na vumbi la njia ile lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa ameshapita kwa Rupert. Siku hizo kila mtu Songea alianzia kwa Rupert. Tangu biashara ziachiwe huru na bidhaa zianze kumiminika kutoka kila pembe, Rupert alikuwa amefungua studio ya rangi yenye feni na kioo mpaka chini, na mtu akipigwa picha huko hata suruali ya mtumba ilionekana mpya. Vijana wake walikitazama kile kipande, wakapokezana, wakasema kuna ugumu, wakacheka. Mmoja akamwambia mama wa watu akakitupe, tena akamwambia mbele ya wateja.

Egidi, mpiga picha mwenyewe, alitoka chumba cha ndani akifuta mikono. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kola iliyogeuzwa na kushonwa upya. Alikichukua kile kipande kwa kingo zake, akakiinua, akakigeuza taratibu.

"Huyu nilimpiga mimi," alisema.

Na kweli alikuwa amempiga yeye. Enzi zile chama cha ushirika kilimpeleka Tunduru msimu mzima kupiga wanachama picha za vitambulisho. Namasakata yote ilijipanga mbele ya ghala, isipokuwa mwanamke mmoja, Bi Mwanaheri, aliyekataa tangu asubuhi, akisema picha si jambo la mwanamke wa heshima. Karani alipomwambia kwamba bila picha hapati malipo ya korosho zake, ndipo akaja kukaa kwenye kigoda, amenuna. Egidi alicheka akikumbuka jinsi mama yule alivyomtazama siku ile, utadhani kamwibia.

Ashura hakucheka. Alieleza kwamba mama yake alifariki wakati mdogo wao wa mwisho, Chiku, ananyonya bado. Sasa Chiku anaolewa. Ameshawekwa ndani, anasingwa, na kila shangazi anayeingia humtazama na kusema huyu ni mama yake mtupu. Mtoto wa watu anabaki anawatazama tu, hamjui wanayemsema.

"Ameniambia, dada, nataka nimwone kabla sijatoka hapa nyumbani," Ashura alisema. "Nikamwambia nitamleta. Lori linarudi Ijumaa baada ya swala."

Theodosia alikohoa. Kilikuwa kikohozi ambacho mumewe alikijua vizuri, maana yake ni kataa. Karatasi za picha za nyeusi na nyeupe zilikuwa zimebaki chache, nazo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya watoto wa komunyo ya kwanza. Hazikuwa zikiletwa tena mjini kwa sababu hakuna aliyezitaka. Egidi alijifanya hakusikia. Alimwambia Ashura aende akapumzike, Ijumaa atamkuta mama yake hapo hapo kaunta. Ashura akashusha debe la korosho alilolibeba, akasema hiyo ni asante ya mwanzo, akaondoka.

"Umemwahidi mtu kitu ambacho hujakiona," Theodosia alisema.

"Nimekiona. Mikwaruzo iko mgongoni, uso wenyewe mzima." Egidi alikuwa na furaha ambayo mkewe hakuiona siku nyingi. "Kazi za namna hii kina Rupert hawaziwezi. Ndiyo maana watu bado wanakuja hapa."

Theodosia akainama, akaanza kuchambua korosho.

* * *

Watu walikuwa wakija kweli. Hapo Egidi hakusema uongo. Jambo ambalo hakulijua ni walichokuja kufuata.

Msomaji asimhukumu Theodosia haraka. Mwaka uliopita binti yao Leticia alichaguliwa sekondari ya bweni, na serikali ilikuwa imeanza kusema kila mzazi achangie elimu ya mwanawe. Studio ilikuwa inaingiza pasipoti moja leo, nyingine keshokutwa. Rupert alikuja mwenyewe kwa gari, akashuka na funguo mkononi, akamwambia Egidi amuuzie lenzi ya ile mashine ya kukuzia picha, halafu awe anamletea wateja wa rangi kwa kamisheni. Egidi alimjibu kwamba yeye si dalali. Jibu zuri, la kiume. Lakini jibu halipelekwi shuleni kulipia ada.

Basi Theodosia akaenda Mshangano kwa Getruda, waliyesoma naye katekisimu, ambaye alikuwa anapika gongo nyuma ya shamba lake la mahindi. Gongo ni haramu ya serikali, na padri naye alikuwa akiisema kila Jumapili. Polisi walikuwa wakipekua majiko, mivungu ya vitanda, hata matangi ya maji. Chumba cha giza cha mpiga picha hawakupekua kamwe. Nani atafungua mlango uliobandikwa karatasi ya kusema mwanga ukiingia kazi za watu zinaungua? Mle ndani kulikuwa na rafu zilizojaa chupa za kahawia za dawa, na chupa ya kahawia katikati ya chupa za kahawia haina jina. Alasiri Egidi alipokwenda mazoezi ya kwaya, walimu na makarani walipita mmoja mmoja, kila mmoja akatoka na bahasha ya picha yenye kijichupa ndani.

Egidi alikutana nao njiani akirudi. Mkewe alimwambia kwamba watu hao wanakuja kuulizia negativu zao za zamani, wanataka picha ndogondogo za kumbukumbu, naye anawasafishia. Karatasi haziishi? Anazikata vipande. Egidi hakuuliza zaidi. Mtu akitaka kuamini haulizi sana. Tena alianza kutembea akiwa amenyooka, na jioni akila alikuwa akiwataja kwa majina: leo Mwalimu Hironimus amekuja tena, leo nimekutana na yule karani wa maji. Theodosia alikuwa akimmegea ugali na moyo unamuuma. Zaidi ya polisi, zaidi ya padri, jambo aliloliogopa ni siku ambayo mume wake angejua.

* * *

Siku ya pili Egidi alisafisha picha ya kwanza, ya majaribio, kwenye kipande cha karatasi. Bi Mwanaheri alitokea kwenye beseni la dawa akiwa nyuma ya mistari myeupe, kama anayechungulia kwenye mvua. Macho hayakuonekana vizuri. Theodosia alisema moyoni, haya, imeshindikana, tumrudishie korosho zake zilizobaki.

Egidi hakushtuka. Alimweleza mkewe, kama alivyowahi kumweleza walipokuwa vijana, kwamba mkwaruzo ni mfereji tu, na mwanga wa mashine ukifika kwenye mfereji unapotea njia. Ukiujaza mfereji kwa kitu kioevu chepesi, mwanga unapita moja kwa moja, na mkwaruzo hauonekani tena. Mkwaruzo mdogo unaweza kuujaza hata kwa mafuta ya pembeni ya pua yako. Mkubwa unataka negativu ilazwe kati ya vioo viwili na kuloweshwa kwa spiriti kali isiyo na tone la maji, halafu picha itolewe kabla haijakauka. Spiriti hiyo alikuwa nayo, chupa moja aliyoitunza kuliko shati lake la Pasaka. Ilikaa rafu ya pili, ya kwanza kushoto, na mkono wake uliijua mahali pake bila taa.

Isipokuwa juzi yake Getruda alikuwa ameleta mzigo, na Theodosia alizisogeza chupa za dawa nyuma ili za gongo zienee.

Alikuwa kaunta wakati Egidi anafanya kazi ile. Alipoitwa ndani kushika taa nyekundu, mlango ulipofunguka tu, harufu ikampokea. Gongo. Ilijaa chumba kizima. Egidi alikuwa ameinama juu ya vile vioo, anavibana polepole kutoa mapovu, uso umelegea kwa raha ya kazi. Yeye hakusikia harufu yoyote. Pua yake ilikufa miaka mingi nyuma kwa zile asidi.

Theodosia alifungua mdomo. Aseme nini? Akisema hii si spiriti, ataulizwa ni nini. Akisema ni nini, ataulizwa imefikaje. Akaufunga. Akajiambia kwamba kioevu ni kioevu, kitajaza mifereji vilevile, picha itatoka, mambo yatakwisha. Egidi akaviweka vioo kwenye mashine, akanyoosha mkono kwenye swichi, akawasha. Uso wa Bi Mwanaheri ukatua kwenye ubao, msafi, bila mkwaruzo hata mmoja. Egidi alicheka kwa sauti.

"Unaona? Unaona, mama Leti?"

Akageuka kuchukua karatasi, na umeme ukakatika.

Walikaa gizani wakisubiri. Jenereta la mji siku hizo lilikuwa linakosa dizeli mara kwa mara, na likizimika hakuna ajuaye litaamka lini. Egidi alisema si neno, spiriti ikikauka negativu itajiachia yenyewe, atailowesha upya kesho. Akafunika mashine kwa kitambaa, akaenda kwaya. Theodosia alibaki amesimama mle ndani, mkono juu ya kile kitambaa. Angeweza kumwita hapo mlangoni. Hakumwita.

* * *

Asubuhi negativu ilikuwa imeng'ang'ania kioo.

Egidi aliinyanyua kwa ukucha ikakataa. Akajaribu wembe pembeni, na ukingo ukaanza kuchanika, akaacha. Umeme uliporudi alijaribu kupitisha mwanga hivyo hivyo, lakini pale palipogandana palitupa mabaka usoni, shavu zima limeingia ukungu. Alizima, akawasha, akazima. Kisha akatoka akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha mbele ya pazia lililochorwa maua, ambacho katika miaka yote ya ndoa yao Theodosia hakuwahi kumwona amekikalia.

"Spiriti haifanyi hivi," alisema. "Basi ni mimi. Nimekosea kitu na sikijui. Mkono wangu umekwisha."

"Labda kioo kilikuwa kichafu."

"Nilikisafisha. Au nilidhani nimekisafisha."

Katikati ya mazungumzo hayo Ashura akaingia. Hakuwa na shida, alikuwa anapita tu kutoka sokoni na kitenge cha zawadi ya bi harusi, akasema acha awasalimie. Shikamoo baba, shikamoo mama. Aliuliza kwa adabu kama mama yake ameshatokea, hata kidogo. Egidi akasimama. Theodosia alimwona mumewe, mzee wa kanisa, mpiga besi wa kwaya, anavyokunja na kukunjua mikono yake mbele ya mwanamke mwenye umri wa mdogo wake wa mwisho, anavyotafuta neno. Mwishowe akasema kuna ugumu kidogo, mwanangu, vuta subira hadi kesho. Ashura alimtazama, akamtazama na Theodosia, tabasamu likampungua.

"Wa kule studio ya rangi waliniambia hivyo hivyo, kuna ugumu," alisema. "Halafu wakacheka."

"Sisi hatucheki," Egidi alisema.

Alipokwishaondoka, Egidi aliingia chumba cha giza, na Theodosia akasikia bisibisi. Alitoka amevaa koti la Jumapili, na mkononi ana kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia. Ilikuwa lenzi. Alisema anakwenda kwa Rupert. Lenzi bado nzuri, na hiyo kazi ya kuleta wateja si dhambi, watu wanafanya. Atamwomba Rupert vilevile ampe huyo binti albamu moja ya rangi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, angalau asirudi mikono mitupu. Aliyasema yote hayo taratibu, kama mtu anayesoma matangazo ya misa.

"Baba Leti, kaa kwanza."

"Nikikaa sitaondoka."

"Ndivyo nitakavyo, usiondoke."

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Theodosia alikuwa ameusikia msemo huo kwa bibi yake kwenye mambo ya uzazi, lakini siku ile ndiyo aliyouelewa. Alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mkono wako haujakwisha. Ile uliyomiminia haikuwa spiriti. Ilikuwa gongo."

Egidi alitabasamu kwa mbali, akidhani anafarijiwa kwa mzaha. "Gongo ifike vipi kwenye chumba changu?"

"Niliiweka mimi."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Egidi aliiweka lenzi juu ya kaunta.

"Tangu lini?"

"Tangu ada ya kwanza ya Leti."

Alimsubiri akasirike. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kofi, ingawa mume wake hakuwahi kumpiga. Hasira angeiweza. Lakini Egidi alikuwa akihesabu kitu kichwani, na Theodosia alikijua kabla hakijamfika mdomoni.

"Mwalimu Hironimus?"

"Ndiyo."

"Yule karani wa maji."

"Ndiyo, baba."

"Na wale wengine."

"Na wale wengine."

"Hakuna hata mmoja aliyekuja kuulizia picha?"

Hapo Theodosia angeweza kumwachia mmoja. Mmoja tu, wa kujifunikia. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa amechoka, jamani, alikuwa amechoka kusema uongo kuliko alivyochoka na umaskini wenyewe.

"Hakuna," alisema.

Egidi alitikisa kichwa polepole. Alitazama ukutani, kwenye picha za mfano alizozitundika enzi hizo, maharusi, askari, watoto wa ubatizo. Alizitazama moja moja. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye msumari, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Gongo ya Getruda ina maji kiasi gani?"

"Nusu. Wakati mwingine zaidi, anaongeza."

"Maji ndiyo yamefanya. Ile ngozi ya filamu yenye sura imevimba kwa maji, ikakaukia kwenye kioo." Akakunja mikono ya shati. "Ungeniambia jana kipande kingali kibichi, ningekibandua kwa kidole."

"Nilisikia harufu. Nikanyamaza."

"Nimeelewa." Hakumtazama. "Nenda sokoni kaniletee shabu."

* * *

Shabu ni ile ile, jiwe jeupe ambalo akina mama hutumbukiza kwenye maji ya tope yatulie, na wanaume hujipaka wakishanyoa ndevu. Egidi aliitwanga, akaiyeyusha kwenye beseni la maji ya baridi, akakilaza kioo ndani pamoja na Bi Mwanaheri wake. Alisema shabu itaikaza ile ngozi, maji yataingia chini yake bila kuichana. Au itachanika. Moja kati ya hayo mawili.

Walikaa pande mbili za beseni. Theodosia alitamani aulizwe chochote, atukanwe hata, lakini Egidi alikuwa akitazama maji tu. Siku ile hakwenda kwaya. Baada ya muda mrefu pembe moja ya filamu ilitikisika. Egidi hakuigusa. Pembe ya pili ikafuata, kisha ukingo mzima ukaanza kuelea kidogokidogo. Pale begani palikataa. Palikataa mpaka mwisho, na filamu ilipojiachia, kipande cha bega kilibaki kwenye kioo. Uso ulitoka mzima.

Aliusuuza kwa maji ya bomba, akamwaga, akateka mengine, akasuuza tena. Theodosia ndiye aliyekuwa akiteka. Walipomaliza waliitundika filamu kwa kibanio ikauke.

Ilipokauka, Egidi akairudishia lenzi yake mashine. Halafu akasimama mbele ya rafu ya pili, akangoja. Theodosia akapitisha mkono nyuma ya chupa za Getruda, akaitoa ile ya spiriti ya kweli, akampa. Egidi akalowesha, akabana vioo, akawasha, na umeme, kwa huruma ya Mungu, ukakaa. Karatasi ilipoingia kwenye dawa, kwanza zikaja nyusi, halafu pindo la mtandio, halafu macho. Theodosia alikuwa ameshuhudia nyuso nyingi zikiamka kwenye lile beseni, lakini huu ulimfanya arudi hatua moja nyuma. Mama yule alimtazama kwa kero yote aliyokuwa nayo siku ile mbele ya ghala. Mistari haikuwepo. Hata kishimo cha kidevu kilionekana.

"Imetoka," Theodosia alisema.

"Imetoka," Egidi akajibu, akaenda kulala bila kula.

* * *

Ashura alikuja Ijumaa amevaa ushungi msafi, mizigo ameiacha kwenye lori. Egidi aliiweka picha kwenye kaunta, akasogea nyuma. Ashura aliitazama akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa.

"Chiku," alisema. "Wallahi, ni Chiku."

Alilia kimya, akijifuta kwa ncha ya ushungi asilowanishe picha. Theodosia naye machozi yalimlenga, na kwa kitambo kidogo alidhani mambo yataishia hapo, pazuri. Lakini Ashura alichukua na ile negativu yake, akaiinua kwenye mwanga kama alivyowaona wao wakifanya.

"Hapa begani pamekuwaje? Palikuwa pazima."

Egidi alianza kusema kwamba filamu za zamani zina udhaifu wake. Theodosia akamkatiza. Hakujua kama ni ujasiri au ni uchovu. Alisema kwamba kosa ni lake yeye, si la mzee. Kulikuwa na chupa ya gongo pale ndani ambayo haikupaswa kuwepo, na mzee bila kujua akailowesha negativu kwa hiyo gongo, ndipo ikagandana na kioo, na kuiokoa kukawagharimu bega.

Ashura aliiteremsha mikono yake magotini.

"Gongo," alisema. "Juu ya mama yangu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama yangu hakuruhusu hata kata iliyoteka pombe ya ulanzi ipite uani kwake." Hakupandisha sauti. Aliitazama ile picha tena, na ile picha ikamtazama. Theodosia alisimama akingoja kuambiwa chochote atakachoambiwa. Egidi naye alikuwa amesimama, lakini safari hii alikuwa amesogea karibu na mkewe.

"Mlimwosha?" Ashura aliuliza.

"Tulimwosha," Theodosia alisema. "Kwa maji ya bomba. Tukamwaga, tukateka mengine, mpaka mikono ikafa ganzi."

"Maji safi?"

"Safi."

Ashura alifikiri. Kisha akaikunja leso juu ya picha na negativu pamoja, pindo baada ya pindo.

"Basi ametoharika," alisema. "Chiku sitamwambia. Nanyi msimwambie mtu." Akainuka, akampa Theodosia mkono, akampa na Egidi. Mlangoni akasema Mungu awalipe kwa kusema kweli, kwani kama wangenyamaza yeye asingejua. Akavuka barabara kuelekea kwenye lori.

Egidi alianza kuokota vipande vya karatasi za majaribio sakafuni, na Theodosia alitaka kumwambia asante, au samahani, au yote mawili, akawa anatafuta lianze lipi. Muda wa kwaya ulikuwa umefika na Egidi hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Ndipo Mwalimu Hironimus akaingia, kama alivyozoea, akipangusa viatu mlangoni. Alipomwona mwenye studio mwenyewe yuko kaunta alisita, lakini alikuwa ameshaingia.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa nimepita tu... kuulizia zile picha zangu za zamani."

Theodosia aliinamisha kichwa. Egidi alimtazama mwalimu kwa muda, si kwa ubaya, akamtazama kama anavyomtazama mtu kabla ya kumpiga picha. Kisha akageuka, akaingia chumba cha giza na kuuacha mlango wazi nyuma yake, mwanga ukaingia mpaka kwenye rafu. Chupa zikagongana. Akatoka na kijichupa kimoja, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisimamisha juu ya kaunta bila bahasha.

"Mama Leti," aliuliza, macho yake yako kwenye kile kijichupa, "hii unauzaje?"